Presha mnatupima, mapigo je?

Kupimwa presha siku hizi ni jambo la kawaida. Watu hupimwa zahanatini, kwenye duka la dawa la mtaani, kwenye mabanda ya Sabasaba, na hata nje ya misikiti na makanisa siku za kampeni za afya. Mtu anakaa kitini, anafungwa kitambaa juu ya kiwiko, mashine inajaza upepo kisha inautoa, na kiooni zinabaki namba tatu. Mbili za kwanza ni presha yenyewe. Hizo husomwa kwa sauti, huandikwa kwenye kadi, na mwenyewe huondoka akizikariri. Ya tatu ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika, nayo mara nyingi hupita bila swali. Hoja yangu ni kwamba kila mtu mzima anayepimwa presha, hasa aliyevuka miaka 60, ashikwe pia mshipa wa kifundo cha mkono kwa nusu dakika, ili ijulikane moyo wake unapiga kwa mpangilio au unapiga ovyo. Namba pekee haiwezi kutuambia hilo, na gharama ya kulijua haifiki bei ya kidonge kimoja.

Ili kuona kwa nini mpangilio una uzito, tuanze na moyo wenyewe. Una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma, cha kulia kwenda mapafuni na cha kushoto kwenda mwili mzima. Kinachovifanya vibane kwa zamu ni umeme ambao moyo huuzalisha wenyewe, kwa chumvichumvi za sodiamu, potasiamu na kalsiamu kuingia na kutoka kwenye seli zake. Umeme huo huanzia kwenye fundo dogo la seli katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia, fundo lililoelezwa mwaka 1907 na Waingereza Arthur Keith na Martin Flack. Fundo hili halingoji amri ya ubongo. Mishipa ya fahamu huliharakisha au kulituliza tu. Umeme husambaa kwenye vyumba vya juu, vikabana, kisha hufika kwenye fundo la pili, ambalo Mjapani Sunao Tawara alilieleza mwaka 1906 akiwa Marburg, Ujerumani. Hapo huzuiwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kuchelewa huko kuna kazi yake: vyumba vya juu vinapata muda wa kumaliza kumimina damu kabla vya chini havijabana. Ndipo umeme huteremka kwa njia zake maalumu hadi vyumba vya chini. Utaratibu huu hujirudia mara 60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia, yaani mara zipatazo 100,000 kwa siku.

Sasa chukua mtu ambaye vyumba vyake vya juu vimetanuka, kwa umri, kwa presha ya miaka mingi au kwa vali iliyosinyaa. Umeme unapoteza njia, unazunguka huku na huko ukutani, na vyumba hivyo vinapokea mishtuko zaidi ya 350 kwa dakika. Haviwezi kubana tena, vinapapatika tu. Fundo la pili huikataa mishtuko mingi na kupitisha michache bila utaratibu wowote, na hivyo vyumba vya chini hupiga mara harakaharaka, mara kwa kuchelewa. Mapigo mengine huja mapema mno, kabla chumba hakijajaa damu, hata hayafiki mkononi. Mtu wa namna hii anaweza kuandikiwa mapigo 84, na mwenye moyo mzima akaandikiwa 84 hiyohiyo. Hatari kubwa zaidi iko juu, ambako damu isiyosukumwa vizuri hutuama katika kijipochi cha chumba cha kushoto na kuganda. Bonge likichomoka, hupita chumba cha chini, huingia kwenye mshipa mkuu, na mara nyingi huishia kwenye ubongo. Watafiti wa Framingham, Marekani, walionyesha mwaka 1991 kwamba mpapatiko huu huongeza uwezekano wa kiharusi karibu mara tano. Wengi walio nao hawasikii maumivu yoyote, na wapo wanaoijua hali yao siku upande mmoja wa mwili unapolegea.

Vidole vinaweza kuukamata. Vinawekwa viwili au vitatu, si kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono uliko kidole gumba cha mpimwa, na mpimaji anasikiliza nafasi kati ya pigo na pigo. Uingereza ililipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha vituo 50 vya afya ya msingi na wagonjwa wapatao 15,000 wa miaka 65 na zaidi. Kuwashika mapigo wazee waliokuja kituoni kwa shida zao nyingine, kisha kuwafanyia kipimo cha umeme wa moyo (ECG) wale tu ambao mapigo yao hayakueleweka, kuliibua wagonjwa wapya karibu sawa na kuwaita wazee wote kwa kipimo hicho. ECG inabaki kuwa ndiyo yenye neno la mwisho, kwa sababu vidole hukosea: mapigo ya ziada yasiyo na madhara ni mengi, na kwa vijana moyo huongeza na kupunguza mwendo kufuatana na pumzi. Kwenye karatasi ya ECG shaka huisha. Kile kimlima kidogo kinachotangulia kila pigo, alama ya vyumba vya juu kubana, hakionekani. Mahali pake kuna mstari unaotetemeka, na vilele vikubwa vimepishana bila nafasi mbili kulingana.

Msomaji makini atauliza kama tatizo hili ni letu. Swali ni la haki, maana utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulikuta mpapatiko kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia, kiwango kidogo kuliko cha wazee wa Ulaya. Nakubali kwamba kwa takwimu hiyo hakuna sababu ya kuanzisha kampeni ya nyumba kwa nyumba. Lakini hesabu ya kijiji huwahesabu walio hai, na ugonjwa unaoua mapema haubakizi wengi wa kuhesabiwa. Zaidi ya hapo, anayekwenda kupima presha si sawa na mtu yeyote wa mtaani. Wengi huenda kwa sababu presha imeshaanza kuwasumbua, na presha ndiyo mlezi mkuu wa mpapatiko. Barani Afrika pia wagonjwa wanaoonekana hospitalini na hali hii ni wa umri mdogo kuliko wa Ulaya, kwa kuwa wengi waliharibiwa vali na homa inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Na kiharusi chenyewe si kigeni kwetu: kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walikadiria visa vipya 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. Vingi vinatokana na presha moja kwa moja, ndiyo maana sisemi presha iachwe. Nasema mkono ukiwa tayari umewekwa mezani, usiondolewe kabla haujatoa habari zote ulizo nazo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo linatoka kwa wataalamu. Mwaka 2021 Denmark ilitoa matokeo ya utafiti wa watu wapatao 6,000 wa miaka 70 hadi 90. Robo yao walipandikizwa chini ya ngozi ya kifua kifaa kinachorekodi umeme wa moyo usiku na mchana. Mpapatiko uligunduliwa kwa takriban theluthi ya hao waliopandikizwa, lakini viharusi havikupungua kwa kiwango kinachotosha kuondoa shaka. Wapo wanaohitimisha kwamba kuutafuta ugonjwa huu ni kazi bure. Mimi nahitimisha tofauti. Kifaa kisicholala hunasa hata mpapatiko wa dakika chache unaokuja na kuondoka, ambao hatari yake ni ndogo. Vidole vinavyogusa mkono mara moja kwa nusu dakika, vikakuta fujo, aghalabu vimeukuta mpapatiko uliokwisha kuweka makazi. Huo ndio unaogandisha damu, na huo ndio dawa zilithibitishwa kuufaa.

Tatu, itasemwa kwamba hakuna faida ya kumgundua mtu ambaye hatuwezi kumtibu. Hapa tusidanganyane, njia si nyepesi. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupunguza viharusi vya wagonjwa hawa kwa karibu theluthi mbili, lakini humtaka mgonjwa apimwe damu mara kwa mara, maana ikizidi inavujisha damu na ikipungua haisaidii. Dawa mpya zisizohitaji vipimo hivyo ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2022 uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye vali zilizoharibiwa na ile homa ya maambukizi ya koo ulionyesha kwamba waliotumia warfarini au dawa za jamii yake walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroxabani, mojawapo ya hizo mpya. Kwa hiyo maabara ya hospitali ya wilaya yenye uwezo wa kupima mgando wa damu bado inahitajika sana. Lakini upungufu huo si sababu ya kutomtafuta mgonjwa. Dawa za bei nafuu za kupunguza kasi ya moyo zipo, presha yake inaweza kudhibitiwa, na rufaa inaweza kuandikwa. Tena hakuna atakayeagiza vitendanishi kwa ajili ya wagonjwa ambao hawamo kwenye daftari lolote.

Linabaki suala la muda, kwa kuwa muuguzi wetu ana foleni. Presha inayopimwa kwa utaratibu sahihi humtaka mtu atulie kama dakika tano kisha apimwe zaidi ya mara moja, na kati ya kipimo na kipimo kuna dakika ya kusubiri. Mapigo yashikwe katika dakika hiyo. Wizara iongeze kwenye kadi ya kliniki ya presha nafasi moja ya kuandika kama mapigo yana mpangilio au hayana, na mafunzo ya wahudumu yaeleze mgonjwa wa jibu la pili apelekwe wapi kwa ECG. Mpaka hilo liwe utaratibu, anayepimwa ana haki ya kumuuliza nesi kama mapigo yake yanakwenda kwa mpangilio. Akitajiwa namba tu, bado hajajibiwa.