Mlango wa chuo umepanuka, ila njia ya udaktari ingali nyembamba

MZAZI wa Kitale au Bungoma ambaye mwanawe amepata gredi ya C+ katika mtihani wa KCSE haulizi tena iwapo mtoto ataingia chuo kikuu. Kinachomkosesha usingizi ni kozi atakayopewa.

Enzi za Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB), idadi ya waliochukuliwa ilitegemea vitanda vilivyokuwa katika mabweni ya vyuo vya umma. Maelfu waliofaulu waliachwa nje. Kisha mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo sambamba, na wenye fedha wakapata mlango wao.

Mtihani wa 2016 ulivuruga mpango huo. Baada ya udanganyifu kukabiliwa vikali, waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929 pekee. KUCCPS, iliyorithi kazi ya JAB chini ya sheria ya 2012, ikawa na nafasi ya kila mmoja wao, na masomo sambamba yakanyauka. Idadi imepanda tangu hapo: katika mtihani wa 2024 walikuwa 246,391. Waliopata A, hata hivyo, walikuwa 1,693 tu.

Hivyo ushindani haukuisha bali ulihama. Anayeomba kozi hupimwa kwa masomo manne yanayohusiana nayo, ambayo kilele chake ni alama 48, pamoja na jumla ya masomo saba, yaani alama 84. Watahiniwa wawili wanaweza kuwa na B+ na jumla ya alama 70 kila mmoja. Ikiwa mmoja ana 44 katika yale manne na mwenzake 40, hawako foleni moja. Matokeo ya hesabu hiyo huandikwa hadi tarakimu tatu baada ya nukta, na kwa udaktari hata tarakimu ya mwisho ina uzito.

Hapo ndipo shule ya kutwa ya mashambani hushindwa na shule kubwa ya bweni kama Friends School Kamusinga. Udaktari hudai Biolojia na Kemia, masomo yasiyofunzwa kwa chaki pekee. Kanuni mpya ya 2023, inayohesabu Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora, imewainua wengi hadi C+. Ni jambo jema. Lakini haimpi maabara asiyekuwa nayo.

Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati mwaka 2015, kimewasogezea wakazi wa Bungoma kozi za ualimu na kompyuta. Anayetaka udaktari kutoka Kitale hutazama Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, ambako hushindania nafasi na watahiniwa wa nchi nzima.

Serikali imeahidi Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Mara nyingi fedha hizo huchelewa, na mwalimu mkuu anapopunguza matumizi, kemikali za maabara huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusubiri.