Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru

Ndugu msomaji, wazee walisema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Leo nakualika tuutazame usemi huo ukifanya kazi mbali na kwetu, katikati ya nchi ya Marekani, katika mji uliokatwa vipande viwili na mstari wa mpaka. Mji huo ni Kansas City. Mashariki ya mstari ni Jimbo la Missouri, na magharibi yake ni Jimbo la Kansas. Ipo barabara iitwayo State Line Road ambayo kwa sehemu ya njia yake ndiyo mpaka wenyewe. Mtu akiivuka kwenda kununua mkate, amekwisha badili gavana na sheria za kodi, lakini mji hakubadili. Watu wa pande zote mbili hushangilia timu zile zile, na wengi hulala katika jimbo moja na kufanya kazi katika jimbo la pili.

Ndugu hao wawili waligombana kwa miaka mingi, na ugomvi ulipamba moto zaidi baina ya mwaka 2009 na 2019. Hawakugombea ardhi, wala maji, wala madini. Waligombea makao makuu ya makampuni.

Makao makuu si kiwanda. Hapana dohani wala mashine za kunguruma. Pana ofisi, wakurugenzi, wahasibu, wanasheria na makarani. Lakini mishahara yao ni minono, nayo mishahara hiyo hujenga nyumba, hujaza mikahawa na hulipa kodi. Kwa sababu hiyo kila meya hutamani jina la mji wake liandikwe chini ya jina la kampuni kubwa. Tamaa hiyo si dhambi. Mzazi mwenye kijana aliyemaliza masomo na kukosa kazi hawezi kumlaumu kiongozi anayezitafuta kazi. Jambo la kuulizwa ni bei.

Mwaka 2011 kampuni ya majumba ya sinema iitwayo AMC, ambayo ofisi zake zilikuwa katikati ya Kansas City upande wa Missouri, ilitangaza kuhamia Leawood, kitongoji cha upande wa Kansas. Iliahidiwa vivutio vya zaidi ya dola milioni 40. Mwaka huo huo kampuni ya mikahawa ya Applebee's ilivuka mpaka kwa kuelekea upande wa pili: ilitoka kitongoji cha Lenexa, Kansas, ikaingia Kansas City, Missouri, nayo haikwenda mikono mitupu. Moja ikatoka, moja ikaingia. Karani aliyezoea kuendesha gari kwenda kazini kila asubuhi aliendelea kuliendesha gari lile lile, ila sasa alipinda kulia mahali pa kushoto. Kwa eneo zima la Kansas City, hapakuwa na ajira iliyozaliwa kwa safari hizo. Na haikupita miaka mitano kabla Applebee's haijaondolewa kabisa: mwaka 2015 kampuni mama iliamua kuyapeleka makao yake Glendale, katika Jimbo la California.

Wewe mfanyakazi yafaa ujue vivutio hivyo vilitoka katika mfuko wa nani. Mwaka 2009 Kansas ilianzisha mpango uitwao PEAK. Chini ya mpango huo, kampuni iliyohamia Kansas na kulipa mishahara ya kiwango kilichowekwa iliweza kuruhusiwa, kwa miaka kadhaa, kubaki na asilimia 95 ya kodi ya mapato ya jimbo inayokatwa katika mishahara ya wafanyakazi wake. Isome tena sentensi hiyo, msomaji. Mwisho wa mwezi mfanyakazi huitazama hati yake ya mshahara, akaona fedha zimekatwa kwa jina la serikali. Hunung'unika kidogo, kisha hujifariji kwamba fedha hizo zitatengeneza barabara na kulipa walimu. Kumbe zilimrudia mwajiri yule yule aliyezikata. Missouri nayo ilikuwa na mipango ya namna hiyo.

Juu ya hayo upo msamaha wa kodi ya majengo. Huko Marekani shule za mji hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo ya mji huo. Jengo kubwa linaposamehewa, mahitaji ya watoto hayasamehewi. Ama shule hupungukiwa, ama wenye nyumba ndogo na wenye maduka madogo huongezewa mzigo. Fundi wa viatu aliyekaa katika mtaa ule kwa miaka thelathini hapewi msamaha wowote, kwa sababu hajatishia kuhama.

Baadhi ya wenye makampuni waliligundua jambo hili mapema. Mwaka 2011 viongozi wa biashara kumi na saba wa eneo hilo, akiwamo mkuu wa kampuni ya kadi ya Hallmark, waliwaandikia barua magavana wa majimbo yote mawili wakiwaomba wakomeshe vita hivyo. Hoja ni rahisi kuielewa: aliyetulia mahali pake analipa kodi, na kodi hiyo inamsaidia mshindani wake anayehamahama. Hata hivyo ilichukua miaka minane. Mwaka 2019 Missouri ilipitisha sheria ya kusimamisha vivutio kwa kampuni inayovusha mpaka kazi zilizokuwapo tayari, na mwezi wa Agosti mwaka huo Gavana wa Kansas, Laura Kelly, akatoa amri ya kuitikia. Wakati huo pande hizo mbili zilikuwa zimekwisha tumia zaidi ya dola milioni 300 katika muda wa miaka kumi, kuzisukuma kazi huku na huko juu ya mstari mmoja. Na mapatano hayo hayakuiua tamaa. Mwaka 2024 bunge la Kansas lilipitisha sheria ya kuzivuta timu mbili za Missouri, Chiefs na Royals, kwa ahadi ya kusaidia hadi asilimia 70 ya gharama za viwanja vipya.

Usidhani kwamba huu ni ugonjwa wa mji mmoja. Mwezi wa Septemba 2017 kampuni ya Amazon, yenye makao Seattle, ilitangaza kwamba inatafuta mji wa kuweka makao makuu ya pili, na ikaahidi kazi 50,000. Maombi 238 yakapelekwa kutoka pembe zote za Amerika ya Kaskazini. Tucson, Arizona, iliwatumia wakubwa wa kampuni mmea mzima wa mpungate mrefu kupita nyumba. Stonecrest, karibu na Atlanta, ilijitolea kumega ardhi yake na kuuita mji mpya kwa jina la Amazon. Newark, New Jersey, ilitaja dola bilioni 7. Jimbo jirani na mji mkuu, yaani Maryland, likapanda hadi bilioni 8.5. Ama kweli ilikuwa harusi ya bibi mmoja na wachumba mia mbili!

Mwezi wa Novemba 2018 kampuni ilichagua mahali pawili: mtaa wa Long Island City katika New York, na Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Newark na Maryland, pamoja na mabilioni yao, hawakupata kitu. New York iliahidi misaada na misamaha inayokaribia dola bilioni 3, na hapo baadhi ya wakazi na wawakilishi wao wakasimama kupinga. Walihofia kodi za nyumba kupanda na reli ya chini ya ardhi kuzidi kusongamana. Tarehe 14 Februari 2019 Amazon ikajitoa. Wapo waliofurahi, na wapo waliolia kwa kupoteza kazi 25,000. Wote walikuwa na sababu zao, nasi tusiwacheke.

Virginia ilitoa fedha kidogo kuliko wengi, ikaziambatanisha na kazi zitakazopatikana kweli, na ikaweka sehemu kubwa ya mpango wake katika elimu: nafasi zaidi za masomo ya kompyuta na chuo kipya cha Virginia Tech mjini Alexandria. Busara yake ilionekana upesi. Mwaka 2023 majengo ya kwanza yalifunguliwa Arlington, lakini mwaka huo huo ujenzi wa awamu ya pili ukasimamishwa. Kampuni inaweza kusita, inaweza hata kuondoka. Kijana aliyekwisha soma haondokwi na elimu yake.

Wazee walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huo ni wa kweli pale mgeni anapokuja na kitu mkononi. Lakini mwenyeji akiuza mlango na paa ili amlipe mgeni nauli ya kuja, huyo hakupona, ameongeza maradhi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, popote utakaposikia mji umeshinda kuipata kampuni kubwa, usikimbilie kupiga vigelegele. Jiulize kwanza mambo matatu. Je, kazi hizo zimezaliwa, au zimehamishwa tu kutoka kwa jirani? Je, fedha iliyotolewa itarudishwa endapo ahadi haitatimizwa? Na je, siku mgeni atakapofunga virago, ni kitu gani kitakachobaki mikononi mwa watoto wa mji ule? Meya anayeyajibu hayo hadharani, kwa hesabu, anastahili makofi. Asiyeyajibu, hata kama mshindani wake amempiga chini, mwamba wake wa ushindi ni mchanga.

Kansas City iliyajua hayo kwa gharama kubwa. Panzi wawili walipoacha kupigana, walikuta kwamba walikuwa wa shamba moja.

Tukutane Jumapili ijayo.