"Dawa ya Presha" Si Jina la Dawa

Nikiwa mwalimu wa isimu, aghalabu huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba jina moja laweza kuficha vitu vingi. Mfano ulio dhahiri ni "dawa ya presha". Kwa msemo huo twazijumlisha amlodipini, atenololi, enalaprili na nyinginezo, ilhali kila moja hufanya kazi kwa njia yake.

Hatari huzuka pale mtoto anapomeza vidonge vya nyanya yake, au mzee anapozidisha kipimo kwa kusahau. Shinikizo la damu huporomoka. Figo, ubongo na moyo wenyewe hukosa damu ya kutosha na kuanza kudhurika.

Hapo daktari hulazimika kujua ni dawa ipi. Aliyezidisha amlodipini huenda akahitaji kalisi, na insulini nyingi pamoja na sukari ya mshipani. Aliyezidisha atenololi huenda akatiwa glukagoni. Mashine ya kusafisha damu yaweza kuiondoa atenololi mwilini, lakini amlodipini haiiondoi. Kumwambia daktari "amemeza dawa ya presha" hakutoshi kabisa.

Isitoshe, vidonge vingine hutoa dawa polepole, hivi kwamba aliyevimeza huonekana mzima kwa saa nyingi kabla ya kuzirai. Ngojangoja huumiza matumbo. Mgonjwa asitapishwe nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, na pakiti ya dawa ichukuliwe pia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Lakini je, pakiti i wapi? Kuna vidonge vinavyouzwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa "1x1" tu, bila jina. Na karatasi ya maelezo, ikiwapo, imeandikwa kwa Kiingereza ambacho nyanya hakusomea. Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mbona basi kisitumiwe palipo na uhai wa mtu?

Wenye maduka ya dawa hawana budi kuandika jina la dawa, nguvu yake na kipimo kwa lugha inayoeleweka. Nanyi walimu, ufahamu usiishie kwenye hadithi za vitabuni. Wafunzeni wanafunzi kusoma bahasha za dawa pia. Mwanafunzi naye, afikapo nyumbani leo, amwandikie nyanya yake majina ya dawa anazotumia, kisha amsaidie kuziweka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.