Nani atamwamsha fundi wa zamu mtambo ukizimika?

UAMUZI wa kampuni ya Atlassian ya Australia kuifunga huduma yake ya Opsgenie ifikapo Aprili 5, 2027 umezilazimisha idara nyingi za teknolojia kurejea swali ambalo zilidhani zimekwisha kulijibu: mtambo unapozimika saa nane za usiku, ni chombo gani kitakachomwamsha fundi, na chombo hicho kinaweza kuaminiwa kwa kiasi gani?

Kwa msomaji asiyefanya kazi katika chumba cha seva, jina la Opsgenie halina uzito wowote. Hata hivyo, kila anayetuma fedha kwa simu, anayenunua umeme usiku au kukata tiketi ya ndege kwa kompyuta anategemea kazi ya programu za aina hiyo bila kujua. Programu hizo hazitengenezi kitu. Hupokea taarifa kutoka kwenye mitambo ya ufuatiliaji, hutazama ratiba ya zamu, kisha humpigia simu fundi anayehusika. Asipopokea katika dakika zilizokubaliwa, simu huhamia kwa msaidizi wake, na baadaye kwa mkuu wa kitengo. Aidha, hutunza kumbukumbu ya nani aliamshwa, saa ngapi, na alichukua muda gani kuitika.

Biashara hii haina umri mkubwa. PagerDuty, inayofahamika kuliko zote, ilianzishwa mwaka 2009 na watu waliokuwa wahandisi wa Amazon, na jina lake linakumbusha enzi ambapo mafundi walikabidhiana peja moja kila zamu ilipobadilika. Kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la New York mwaka 2019. Wengine hawakubaki huru. Mwaka 2018 Atlassian iliinunua Opsgenie kwa Dola za Marekani milioni 295, na mwaka huohuo kampuni ya Splunk ikainunua VictorOps kwa Dola milioni 120. Mwaka 2024 Splunk nayo ikamezwa na Cisco. Mteja aliyechagua chombo kwa sababu kilikuwa kidogo, chepesi na chenye kazi moja, alijikuta mpangaji ambaye nyumba imeuzwa naye yumo ndani.

Ndivyo ilivyotokea kwa Opsgenie. Machi 2025 Atlassian ilitangaza kwamba huduma hiyo isingeuzwa tena kwa wateja wapya kuanzia Juni 4 mwaka huo, na kwamba wateja wa zamani wangehamia katika bidhaa zake nyingine, Jira Service Management au Compass. Mwezi huohuo, kampuni ya Grafana Labs ilitangaza kusitisha uendelezaji wa toleo huria la OnCall, ambalo timu nyingi zenye bajeti ndogo zilikuwa zimelikimbilia ili kukwepa ada, na kwamba toleo hilo lingefungwa rasmi Machi 24, 2026. Msimbo wake ulibaki wazi kwa yeyote anayetaka kuuendeleza mwenyewe, lakini kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi ni kazi inayohitaji mikataba na kampuni za simu, na mikataba haimo ndani ya msimbo.

Kwa hiyo ni makosa kuuchukulia uchaguzi huu kama ununuzi wa kawaida wa programu, ambapo maofisa hukaa na jedwali la sifa na kuweka alama ya vema mbele ya kila moja. Sifa za programu hizi zimekaribiana mno. Karibu zote zina ratiba, zina simu, zina ujumbe, na zote husema zina akili bandia. Kinachozitofautisha hakionekani katika maonyesho ya mauzo: je, chombo cha kutoa yowe kimesimama kando ya nyumba, au kimo ndani ya nyumba ileile inayoweza kuungua?

Mfano ulio wazi zaidi unaihusu Atlassian yenyewe. Aprili 5, 2022, miaka mitano kamili kabla ya tarehe iliyopangiwa kuifunga Opsgenie, mafundi wa kampuni hiyo walikusudia kuondoa programu moja iliyopitwa na wakati katika akaunti za baadhi ya wateja. Timu iliyoomba kazi hiyo ilitakiwa kutoa namba za utambulisho za programu. Ikatoa namba za tovuti nzima za wateja. Amri ikatekelezwa kama ilivyoandikwa. Katika muda usiofika nusu saa tovuti za wateja 775 zilikuwa zimefutwa, na waliochelewa zaidi walirejeshewa huduma baada ya siku 14. Miongoni mwa bidhaa zilizowapotea ilikuwamo Opsgenie, chombo cha kuwaamsha mafundi, pamoja na Statuspage, ambayo kampuni huitumia kuwaarifu wateja wao kwamba kuna hitilafu. Kibaya zaidi, taarifa za mawasiliano za wateja hao zilifutika pamoja na tovuti, na njia ya kawaida ya kuwasilisha malalamiko ikawa haipitiki.

Atlassian haikuwa ya kwanza. Februari 28, 2017, hifadhi ya data ya Amazon ilipoanguka katika kituo chake cha Virginia, ukurasa wa kuonyesha hali ya huduma haukuweza kubadilishwa kwa sababu nao uliitegemea hifadhi hiyohiyo, na kampuni ikalazimika kutoa taarifa kwa njia ya Twitter. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotoweka duniani kwa takriban saa sita, vyombo vya ndani ambavyo wahandisi wangevitumia kutafuta chanzo vilizimika navyo, ikabidi watu wapelekwe kwa miguu yao hadi kwenye vituo vya data. Kampuni hizo zina wahandisi wa kutosha na fedha tele. Zilichokosa siku hizo ni njia ya pili isiyopita mlango uleule.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina sura ya ziada. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Chukulia benki yenye seva Dar es Salaam na programu ya zamu iliyoko Marekani au Ulaya. Siku kama hiyo, mtambo wa ufuatiliaji hugundua hitilafu lakini haufikishi taarifa ng'ambo, na programu kule ng'ambo, isiposikia lolote, huhesabu kwamba mambo ni shwari. Dawa yake inajulikana: programu ipokee salamu kutoka kwenye mtambo kila baada ya dakika chache, na salamu ikikosekana, ukimya wenyewe uhesabiwe kuwa hitilafu na simu ipigwe. Wapo pia wanaoweka modemu yenye laini ya kawaida ya simu ndani ya ofisi, itume ujumbe kwa fundi bila kuvuka bahari. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mkataba wa mwaka, lakini kwa kuwa haiuzwi na wakala yeyote mwenye tai, mara nyingi husahauliwa.

Halafu ipo simu yenyewe. Simu inayopigwa na programu ya ng'ambo huweza kutokea kwa namba ya kigeni, na mkazi wa mji wowote aliyechoshwa na matapeli hujifunza kutozipokea namba hizo. Simu iliyowekwa kimya usiku hukaa kimya, isipokuwa programu iwe imepewa ruhusa maalumu ya kuvunja ukimya huo. Ni mambo madogo yasiyomfikia mkurugenzi anayetia saini, ila ndiyo yanayoamua kama fundi ataamka.

Hata anapoamka, programu haiwezi kumwongezea wenzake. Kitabu ambacho wahandisi wa Google walikichapisha mwaka 2016 kuhusu uendeshaji wa mitambo kinapendekeza timu iliyo mahali pamoja iwe na watu wasiopungua wanane ndipo zamu zigawanyike kwa haki, na kwamba fundi asikabiliwe na matukio zaidi ya mawili katika zamu ya saa 12. Ni timu ngapi katika miji yetu zina watu wanane? Nyingi zina watatu, mmoja wao akiwa likizo. Timu kama hiyo ikinunua chombo chenye uwezo wa kupeleka kila onyo kwa kila mtu, imenunua usumbufu. Jirani akipiga yowe kila usiku bila mwizi, usiku wa mwizi hakuna anayetoka nje. Chombo kinachofaa timu ndogo ni kile kinachorahisisha kunyamazisha, kinachounganisha maonyo mia ya chanzo kimoja kuwa simu moja, na kinachoonyesha mwisho wa mwezi ni nani ameamshwa mara nyingi kupita wenzake.

Bei nayo huegemea upande huohuo. Huduma nyingi hutozwa kwa kila mtumiaji kwa mwezi, tena kwa dola, jambo linalowashawishi wakuu kuwaingiza wachache katika ratiba ili kubana matumizi. Akiba hiyo hulipwa na usingizi wa waliobaki, na baadaye na barua zao za kuacha kazi.

Sheria haiwezi kupuuzwa pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake tangu mwaka 2019. Zote mbili zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Onyo lililoandikwa ovyo, lenye jina na namba ya akaunti ya mteja aliyekwama muamala, huenda likahifadhiwa ng'ambo kwa miaka bila mtu kujua. Hilo hutibiwa na anayeandika onyo, si na anayeuza programu.

Timu zilizokuwa na Opsgenie hazina hiari ya kubaki. Katika kuhama, ratiba na namba za simu ndizo zinazohamishwa kwanza, na kazi hiyo si ngumu. Kumbukumbu za miaka ya matukio, zinazoonyesha mtambo upi huanguka mara kwa mara na nani huutengeneza, huwa hazimo katika orodha ya wengi. Atlassian imeeleza kuwa data ambayo haitakuwa imehamishwa siku ya kufungwa itafutwa.