Chuo kikizuiwa kudahili, nani alipaswa kuona mapema?
Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya baada ya uhakiki wa ubora. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anayemlipia mwanawe ada Tabora mjini, habari ya namna hiyo ni pigo.

Wahadhiri hawapungui ghafla. Idara huwa zinajua. Ndiyo maana chuo huhitaji daftari la vihatarishi, na baraza la chuo lilisome na kumhoji mkuu wa chuo. Mkaguzi wa ndani naye aripoti kwa kamati ya baraza, si kwa bosi wake tu. Daftari linalofungiwa kabatini, kwa maoni yetu, ni karatasi tu.

Mzazi, kabla ya kulipa, tazama kwenye tovuti ya TCU kama chuo na kozi vimeruhusiwa.