Amplifaya ya mizani haimpi mtu masikio mapya

Miongoni mwa wanafunzi wa fonetiki na walimu wa lugha kumezuka ubishi ambao zamani ulikuwa wa mafundi na wapenzi wa muziki pekee. Je, amplifaya ya hedifoni iliyoundwa kwa mtindo wa mizani hutoa sauti bora kuliko amplifaya ya kawaida, ile ambayo mafundi huiita ya upande mmoja? Huenda msomaji akauliza jambo hili lamhusu nini mtaalamu wa isimu. Lamhusu sana. Nimekaa katika kikao ambacho kilipendekezewa kununua amplifaya moja ya mizani na nyaya zake, kwa fedha ambazo zingewatosha wanafunzi kumi na wawili kupata hedifoni nzuri. Vifaa vinapokuwa haba, ubishi wa mafundi hugeuka kuwa suala la elimu.

Msimamo wangu ni huu: mizani huongeza nguvu, lakini haiboreshi sauti kwa sababu tu ni mizani. Ningependa kuueleza msimamo huo hatua kwa hatua, maana katika mjadala huu wengi hutetea jina tu, bila kujua kilichomo ndani ya kisanduku.

Hedifoni ina vipaza viwili vidogo, kimoja kwa kila sikio, na kila kipaza kina ncha mbili za umeme. Katika mtindo wa kawaida, ncha moja hupokea mawimbi kutoka kwa amplifaya, na ya pili hurejea kwenye ardhi ya mtambo. Plagi ya kawaida, iwe ya milimita 3.5 au 6.35, ina migusano mitatu tu; kwa hiyo masikio yote mawili hutumia njia moja ya kurejea. Katika mtindo wa mizani, kila sikio lina nyaya zake mbili, na kila waya una amplifaya yake. Moja inaposukuma, nyingine huvuta. Ndiyo sababu plagi za mtindo huo, mathalani XLR ya pini nne au ile ya milimita 4.4, zina migusano zaidi ya mitatu.

Watetezi wa mizani hupenda kutukumbusha kwamba studio za redio na kampuni za simu zimetumia nyaya za mizani kwa miongo mingi. Ni kweli, lakini sababu ya kufanya hivyo ni tofauti kabisa. Mawimbi ya maikrofoni ni dhaifu mno, kiasi cha sehemu chache za elfu za volti, nayo husafiri kwa waya mrefu unaopita karibu na nyaya za stima. Kelele ya stima huziingia nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja. Mtambo ulio mwisho wa safari huchukua tofauti tu kati ya nyaya hizo, na kelele hujifuta. Waya wa hedifoni aghalabu ni wa mita moja hadi tatu, mawimbi yake ni makubwa, na kipaza chenyewe hakisumbuliwi na kelele ndogo ya aina hiyo. Kutumia hoja ya studio hapa ni kumpa dawa mtu asiye na maradhi.

Haki itendeke, hata hivyo. Zipo faida halisi. Ya kwanza ni nguvu. Amplifaya mbili zinazosukumana na kuvutana zinaweza kuipa hedifoni volti maradufu, na volti zikiwa maradufu nguvu huwa mara nne, yaani ongezeko la desibeli 6, mradi mtambo uwe na mkondo wa kutosha. Kwa hedifoni chache zilizo nzito kuendesha, ongezeko hilo lina maana. Faida ya pili ni kutenganisha njia ya kurejea. Tuseme waya unaotumiwa na masikio yote mawili una ukinzani wa omu 0.1, na hedifoni ina omu 32. Sauti ya upande mmoja itavujia upande wa pili kwa kiasi cha sehemu moja kati ya 320, au takriban desibeli 50 chini. Kwa hedifoni ya omu 300, uvujaji huo hushuka hadi karibu desibeli 70 chini. Tukumbuke kwamba sahani nyingi za santuri zilizopendwa na baba zetu zilitenganisha pande mbili kwa desibeli 25 au 30 tu, na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu nguvu, hebu tuangalie mfano mmoja. Hedifoni ya Sennheiser HD 650, iliyotoka mwaka wa 2003 na kusifiwa sana na wapenzi wa sauti, ina omu 300, na kwa volti moja tu hutoa takriban desibeli 103. Volti moja kwa omu 300 ni kama miliwati 3.3. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hayazidi sana desibeli 60. Mwanafunzi anayesikiliza matamshi atatumia sehemu ndogo mno ya uwezo wa amplifaya ya kawaida. Hizo nguvu mara nne atazipeleka wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Desibeli 6 zaidi, basi, hupunguza saa 40 kuwa saa 10. Nguvu isiyohitajika ni hatari kwa masikio.

Isitoshe, mizani ina gharama zake. Vipuri huwa maradufu, ukinzani wa mtambo kwenye tundu la kutolea sauti huongezeka maradufu, na kelele za amplifaya mbili hujumlishwa. Fundi stadi anaweza kuyadhibiti haya yote. Lakini fundi stadi huyohuyo anaweza kuunda amplifaya ya kawaida ambayo kasoro zake hazisikiki kwa sikio la binadamu. Ubora unatokana na ustadi wa fundi.

Mbona basi watu waaminifu huapa kwamba wamesikia tofauti? Wengi wao wamesikia kweli. Katika vifaa vingi vyenye matundu ya aina zote mbili, tundu la mizani hutoa sauti kubwa zaidi bila kidhibiti kuguswa. Na sikio la binadamu lina udhaifu unaojulikana: sauti iliyozidi kidogo tu haionekani kuwa kubwa zaidi, huonekana kuwa safi zaidi, yenye uhai na upana. Anayelinganisha bila kusawazisha ukubwa wa sauti analinganisha vidhibiti viwili.

Hapa ndipo isimu ina la kuwafunza wapenzi wa muziki. Mwaka wa 1950, Munson na Gardner wa maabara za simu za Bell huko Marekani walieleza jaribio ambalo hadi leo huitwa ABX. Msikilizaji husikia A, kisha B, halafu X, naye hutakiwa aseme X ni ipi kati ya zile mbili. Mwaka wa 1957, Alvin Liberman na wenzake wa maabara za Haskins walilitumia jaribio hilo kuchunguza jinsi watu wanavyotofautisha b, d na g, na matokeo yao yakawa msingi wa nadharia kubwa ya utambuzi wa matamshi. Hatukubali dai kwamba msemaji wa Kimvita hutofautisha paa wa nyumba na paa wa mwituni kwa sababu tu ameapa hivyo. Tunamsikilizisha na kuhesabu majibu. Kwa nini tukubali dai la amplifaya kwa kiapo?

Jaribio lenyewe halihitaji maabara ya fahari. Cheza mlio wa hezi 200, pima volti za kila tundu hedifoni ikiwa imechomekwa, kisha sawazisha mpaka tofauti isizidi desibeli 0.1. Kwa tundu la mizani, pima kati ya nyaya mbili za sikio moja, wala si kati ya waya na ardhi. Mtu mwingine abadilishe matundu bila msikilizaji kuona. Rudia mara 16. Anayebahatisha tu hupata majibu 12 au zaidi yaliyo sahihi chini ya mara 4 katika kila majaribio 100. Kwa hiyo 12 ni kiwango cha haki. Nawaonya wanafunzi jambo moja: msiunganishe tundu la mizani na plagi ya migusano mitatu kwa adapta, maana mtaziunganisha nyaya za kurejea ambazo kila moja ina amplifaya yake, na mtambo unaweza kuungua.

Kuna jambo jingine ambalo mwanaisimu hawezi kulinyamazia, nalo ni nguvu ya jina. Mizani ni neno la hakimu na la mfanyabiashara mwaminifu. Upande mmoja ni lawama. Kabla hujasikia lolote, lugha imekwisha kutoa hukumu. Lau kwamba mafundi wangeziita amplifaya hizi za jozi na za pekee, nashuku nusu ya ubishi ungekufa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kitu hutembezwa na jina lake.

Ushauri wangu kwa walimu na wakuu wa idara ni kwamba fedha ziende kwanza kwenye hedifoni zenyewe, kwa kuwa tofauti kati ya hedifoni mbaya na nzuri hupimika waziwazi na husikika na yeyote. Pili, ziende kwenye maikrofoni na chumba kimya, maana pumzi ya kh au mkwaruzo wa s ukishazamishwa na kelele wakati wa kurekodi, hakuna amplifaya itakayoufufua. Mwanafunzi asiyetofautisha kula na kura atasaidiwa na mazoezi na mwalimu mvumilivu. Mwenye hedifoni nzito kuendesha na fedha za ziada anunue ya mizani, wala simlaumu. Lakini anayetaka fedha za wanafunzi kumi na wawili kwa ajili ya kisanduku kimoja, na alete kwanza majibu yake 12 kati ya 16.