Ardhi kama Shahidi: Maoni kuhusu Usomaji wa Riwaya za Upelelezi za Tony Hillerman

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili, riwaya ya upelelezi imezoea kuketishwa nyuma. Hutiwa katika kapu la fasihi pendwa, husifiwa kwa taharuki yake, kisha huachwa. Hata pale inapochunguzwa, mhakiki aghalabu huchagua kitabu kimoja, akaeleza wahusika, msuko na dhamira, na kuhusu mandhari akatosheka na sentensi mbili tatu: kisa kinatokea Unguja, au Dar es Salaam, au Nairobi.

Makala haya yanashikilia kwamba lipo kundi la riwaya za upelelezi ambalo haliwezi kueleweka kwa njia hiyo. Ni zile riwaya ambazo uhalifu hutendeka nje, katika nyika, majangwa na milima, na ambazo mpelelezi wake hurejea katika ardhi ile ile kitabu baada ya kitabu. Humo ardhi ni shahidi mwenye maneno yake. Swali kuu linaloulizwa nalo huzidi lile la nani aliyeua: ni nani awezaye kumsikiliza shahidi huyo, na ni nani mwenye mamlaka ya kutoa hukumu? Mfano tutakaoutumia ni mfululizo wa Mmarekani Tony Hillerman (1925–2008).

2.0 Mfululizo na Mahali Pake

Hillerman alizaliwa Oklahoma, akawa mwandishi wa habari, kisha akafundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha New Mexico. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyorudi kutoka vitani mwaka 1945, akaona kwa mara ya kwanza Wanavajo wakiwa katika sherehe ya kuwatakasa askari wao waliotoka vitani. Riwaya yake ya kwanza, *The Blessing Way*, ilitoka mwaka 1970. Alisimulia pia kwamba wakala wake wa wakati huo alimshauri ayaondoe mambo ya wenyeji hao ili kitabu kiuzike. Hakuusikia ushauri huo. Hadi mwaka 2006 alikuwa ametoa riwaya 18 katika mfululizo huo.

Riwaya tatu za mwanzo ni za Joe Leaphorn, afisa wa polisi wa Taifa la Wanavajo, mtu wa mantiki asiyesadiki kwamba mambo hutokea sadfa tu, na ambaye ukutani kwake ametundika ramani iliyojaa pini. Tatu zinazofuata, kuanzia *People of Darkness* (1980), ni za Jim Chee, kijana wa polisi anayejifunza kuwa mwimbaji wa tiba za kimila. Wawili hao wanakutanishwa katika *Skinwalkers* (1986). Ardhi wanayoilinda imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, na ukubwa wake ni takribani kilomita za mraba 70,000. Hiyo ni zaidi ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Askari wake ni wachache. Katika riwaya hizi kurasa nyingi hupita mpelelezi akiwa ndani ya gari, akiyatazama mawingu na vumbi la gari jingine mbali kwenye upeo wa macho. Msomaji mwenye haraka ataziruka kurasa hizo. Akiziruka, amekiruka kisa chenyewe.

3.0 Ushahidi Wenye Umri

Riwaya ya upelelezi ya kimapokeo, ile ya chumba kilichofungwa, hujengwa juu ya dhana kwamba ushahidi unasubiri. Kisu kimelala sakafuni, barua imo ndani ya mtoto wa meza, na wahusika wote wamo nyumbani. Mpelelezi anaweza kuketi, akavuta kiko chake, akafikiri.

Nje hakuna subira hiyo. Unyayo uliokanyagwa mchangani asubuhi hupoteza makali yake ifikapo jioni. Upepo huufukia, mbuzi huukanyaga, mvua huufuta. Katika *The Dark Wind* (1982) ndege ndogo inaanguka usiku katika bonde kavu la mto, na Chee analazimika kusoma alama za miguu na za magurudumu ili kujua ni nani waliokuwapo. Ushahidi wa aina hii una umri wake, na umri huo ndio unaopanga msuko. Mawingu yanapokusanyika, taharuki hupanda bila mwandishi kuhitaji mtu mwenye bastola nyuma ya mlango.

Aidha, ardhi hutunza kama inavyofuta. Katika *The Fallen Man* (1996) mifupa ya mpanda mlima inaonekana karibu na kilele cha Ship Rock, mwamba ambao ni mtakatifu kwa Wanavajo, baada ya kukaa huko miaka mingi. Ukame wa juu umehifadhi kile ambacho bonde lingekiozesha. Mhakiki anayeiita hali hii "mandhari" tu, kana kwamba ni pazia lililochorwa nyuma ya jukwaa, amempunguzia shahidi mkuu hadhi yake.

4.0 Damu au Elimu

Hillerman hakuficha kwamba alikuwa na mtangulizi. Naye ni Arthur Upfield, Mwingereza aliyehamia Australia na kuandika, kuanzia *The Barrakee Mystery* ya mwaka 1929, mfululizo wa riwaya za mpelelezi Napoleon Bonaparte, mtoto wa mama mwenyeji wa asili na baba mzungu. Upfield aliijua nyika ya Australia kwa kuifanyia kazi. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kulinda ua mrefu uliojengwa kuzuia sungura. Alijua pia jinsi nyika inavyomeza maiti. Alipokuwa akitafuta njia ya kuuteketeza mwili katika riwaya yake *The Sands of Windee* (1931), alilijadili jambo hilo na wenzake kambini. Mmoja wa waliolisikia, Snowy Rowles, aliua kweli, na alinyongwa mwaka 1932. Kilichosaidia kumtia hatiani ni pete iliyopatikana katika majivu. Ardhi ilikuwa imetunza kile ambacho muuaji alidhani kimekwisha.

Hata hivyo, Upfield ana kasoro ambayo msomaji wa leo hawezi kuifumbia macho. Uwezo wa Bonaparte wa kufuata nyayo huelezwa tena na tena kuwa umo katika damu ya mama yake, nao utaratibu wake wa kufikiri umo katika damu ya baba. Hii ni fikra ya kikoloni iliyovikwa sifa. Inamsifu mwenyeji kwa macho yake ili imnyime akili yake.

Hapo ndipo Hillerman anapomzidi mwalimu wake. Katika riwaya zake kusoma ardhi ni elimu. Chee amefundishwa na mjomba wake, Frank Sam Nakai, na masomo hayo yanaendelea kutoka kitabu hadi kitabu, yenye mapungufu na maswali. Elimu hiyo ina mipaka pia. Katika *Dance Hall of the Dead* (1973) Leaphorn anapoingia kwa Wazuni anakuwa mgeni asiyejua maana ya anachokiona. Chee naye, katika *The Dark Wind*, anamhitaji Cowboy Dashee, rafiki yake Mhopi, ili aelewe mahali patakatifu pa Wahopi. Kama ujuzi huo ungekuwa wa damu, mpaka wa kabila jirani usingewapofusha hivyo.

5.0 Msomaji wa Nyayo na Mwenye Mamlaka

Tunafika sasa kwenye hoja yetu kuu. Kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1885, mwenyeji wa asili anayeua katika ardhi iliyotengewa kabila huwa ametenda kosa linaloshughulikiwa na serikali kuu. Kwa hiyo kesi kubwa katika riwaya hizi ni mali ya FBI. Leaphorn na Chee hushirikishwa, au huzuiwa, au huifuatia kesi kwa mlango wa pembeni. Wanaoweza kuisoma ardhi hawana mamlaka juu ya kesi. Wenye mamlaka hawaioni ardhi.

Mtu akisoma kitabu kimoja tu, ataiona hali hii kuwa kichekesho: afisa wa FBI mwenye viatu vya mjini anayekanyaga nyayo alizopaswa kuzitunza. Akisoma vitabu kumi kwa mfululizo, kicheko kinakwisha. Anatambua kwamba kila kisa kimejengwa juu ya ufa ule ule, na kwamba hakuna mhalifu hata mmoja ambaye kukamatwa kwake kutauziba. *Hunting Badger* (1999) inagusa msako wa kweli wa mwaka 1998 katika eneo hilo, ambao maafisa wengi waliletwa kutoka nje kuwatafuta watu watatu nyikani. Mabaki ya mmoja wao yalipatikana mwaka 2007. Historia ilithibitisha kile ambacho mfululizo ulikuwa ukikisema tangu awali.

Mfululizo pia hutunza wakati. Emma, mkewe Leaphorn, ni mgonjwa katika *Skinwalkers*. Katika *A Thief of Time* (1988) tunamkuta Leaphorn mjane, asiyejali tena kazi yake. Anapozitazama tena njia zile zile, zimebadilika kwa sababu yeye amebadilika. Mhakiki wa kitabu kimoja hawezi kuliona hilo, maana halimo katika kitabu kimoja.

Kuna pingamizi ambalo ni la haki. Hillerman hakuwa Mnavajo. Je, naye si afisa wa nje aliyejipa mamlaka? Wanavajo walimtunuku mwaka 1987 kuwa rafiki maalumu wa Diné, jina wanalojiita wenyewe, na tuzo hiyo ina uzito. Hata hivyo, tuzo haimalizi mjadala. Kwa Wanavajo wengi uchawi ni jambo lisilotajwa ovyo, naye aliufanya jina la kitabu na kiini cha msuko. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba msomaji abebe mambo yote mawili pamoja: anufaike na kile ambacho Hillerman alikiona, na akumbuke kwamba yapo ambayo mwenyeji angeyanyamazia. Riwaya zinazoonya kuhusu mgeni asiyejua anachokikanyaga zinampa msomaji kipimo cha kumpimia mwandishi wake mwenyewe.

6.0 Funzo kwa Uhakiki wa Kiswahili

Mambo haya hayako mbali nasi. Muhammed Said Abdulla alipoandika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) aliiweka maiti katika mzimu, mahali ambapo watu huogopa kukaa. *Kisima cha Giningi* (1968) imebeba jina la mahali panapohusishwa na wachawi. Bwana Msa anaondoa hofu kwa mantiki, na wahakiki wetu wamezoea kumlinganisha na Sherlock Holmes kisha wakaishia hapo. Hatujauliza vya kutosha mahali penyewe panafanya nini. Hofu ya mahali ni kufuli, na mhalifu ndiye mwenye ufunguo. Leaphorn naye hasadiki wachawi, ila anajua kwamba imani ya watu juu yao ni sehemu ya ushahidi. Ulinganisho huo una rutuba kuliko ule wa kiko na kofia.

Baada ya Abdulla, mpelelezi wa Kiswahili alihamia zaidi mjini na kwenye viwanja vya ndege. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni watu wa hoteli, magari na miji mikuu. Hatuwalaumu waandishi hao. Walikuwa na wasomaji wao na wakati wao. Lakini elimu ya kusoma nyayo, kwato, nyasi zilizolala na umande uliopanguswa ingalipo kwa wafugaji, wasasi na walinzi wa mbuga zetu. Nayo, kama ilivyo kwa Wanavajo, mara nyingi imo kwa watu ambao hawaketi mezani hukumu inapotolewa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo, iwapo idara zetu zitamruhusu kuuchunguza mfululizo mzima kama matini moja.

7.0 Hitimisho

Tumedai kwamba mfululizo wa riwaya za upelelezi wa nje usomwe kwa utaratibu wake, toka mwanzo, na kwamba ardhi yake ihojiwe kama shahidi. Tangu mwaka 2013 Anne Hillerman, bintiye, ameuendeleza mfululizo huu, na katika *Spider Woman's Daughter* amemweka mbele afisa wa kike, Bernadette Manuelito. Ardhi ni ile ile. Macho yanayoisoma ni mengine. Ikiwa sisi wahakiki tutaendelea kupitisha hukumu juu ya riwaya hizi bila kushuka garini na kuinama chini, hatutatofautiana sana na yule afisa mwenye viatu vya mjini.